Hachi Mara Tatu

Kahindi Tsofa alihesabu magunia bandarini Mbaraki miaka thelathini na moja, na hakuna meli iliyompunja hata gunia moja. Jioni alihesabu ngumi. Katika ukumbi ulio juu ya ghala kuukuu alifundisha karate, tena karate ya kizamani: miguu mitupu kwenye saruji, ngumi mia kabla ya maneno, na hesabu ya Kijapani kama alivyoachiwa na mwalimu wake. Ichi, ni, san, mpaka kumi. Mwalimu akisema, wanafunzi hujibu "Osu", yaani nimesikia, na mambo huishia hapo. Kumsahihisha mwalimu mbele za watu ni utovu wa adabu.

Kazi ilikwisha, mkewe akafariki, watoto wakahamia bara. Akabaki na darasa. Kitu kimoja tu kilimtisha, nacho ni kusahau. Kaka yake alipoanza kupotewa na kumbukumbu aliketishwa kibarazani, na nyumba nzima ikawa inamwitikia ndiyo kwa kila neno, hata alipouliza kama mama yao, marehemu wa siku nyingi, ameshapika. Kahindi aliziona ndiyo zile zikimmaliza mtu. Akaapa kwamba yeye, siku ikifika, ataambiwa usoni.

Basi akaja Mbodze, binti wa Kaloleni anayefanya usafi katika ofisi moja mjini. Ilikuwa wiki yake ya kwanza, na hesabu za Kijapani alikuwa amezikariri kivukoni Feri, akingoja kuvuka kwenda kwake ng'ambo. Jumanne hiyo Kahindi alisimama mbele, mgongo umenyooka, akahesabu ngumi mpaka akafika saba na nane. Shichi. Hachi. Shichi. Hachi. Hachi.

"Samahani, mwalimu," Mbodze akasema. "Hachi tumeipiga mara tatu."

Kahindi akamtazama Zoya, binti wa muuza vitambaa wa Mji wa Kale, aliyekuwa mwanafunzi wake kwa miaka kumi na miwili.

"Ni kweli?"

Zoya aliinamisha kichwa. "Osu."

"Nimeanza lini?"

"Tangu Ramadhani, mwalimu. Twajihesabia wenyewe kimoyomoyo. Hatukutaka kukuvundia heshima."

Miezi mitano! Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema lolote juu ya anayefichiwa. Heshima ya namna hiyo ni tamu kwa anayeitoa tu. Kahindi aliona aibu, kisha akaona hofu, na hofu ilikuwa kubwa zaidi. Kumbe alikuwa ameshaketishwa kibarazani bila kujua.

Hakufoka. Alimwambia Zoya ashike hesabu, naye akaenda kusimama mwisho wa mstari, kando ya Mbodze, mahali pa mgeni kabisa. Zoya akahesabu kwa sauti iliyokwaruza. Kahindi akapiga ngumi zake, safi, bega halipandi, vile vile alivyozifundisha miaka yote. Mwili haukuwa umesahau kitu. Wenzake waliposhusha mikono, yeye akaendelea. Akapiga moja, akapiga nyingine, na nyingine tena. Wakongwe wote walitazama sakafu.

Mbodze ndiye aliyemgusa kiwiko.

"Tumemaliza, baba," akamwambia polepole.