Tangi Jekundu Lililo Jeupe

Harufu ya mafuta ya taa ikinipanda puani, hata kama ni ya jiko la jirani tu, mimi hufunga dirisha upesi. Wageni ninaowatembeza hawalijui hilo. Ngome na zile pembe kubwa za ndovu za barabarani nimewaachia wenzangu wa kisiwani, mimi wangu nawavusha hadi Changamwe, nikawasimamisha chini ya tangi kubwa la mafuta, jeupe pe, kisha nikawaambia, "Hapa panaitwa Tangi Jekundu." Hucheka wote. Nami hucheka nao, maana kazi ni kazi.

Ninyi lakini nitawaambia kilichonipata hapo.

Tulikuwa tumehamia majuzi tu kutoka Kaloleni, baba alipopata kibarua kiwandani, tukafikia kwa mama yake. Nyanya alikuwa mwenyeji wa Changamwe tangu ujana wake. Mama alikuwa mjamzito. Mchana mmoja wa jua la kuchoma utosi, baba yuko kazini, uchungu ukamshika mama kabla ya siku zake. Nyanya akafunga madirisha, akanivuta mlangoni.

"Kadzo, kimbia kwa Mama Dama, nyumba ya kwanza nyuma ya tangi jekundu. Mwambie nyanya aomba chumvi, atajua. Na njiani usimwulize mtu, usimjibu mtu. Wanisikia?"

"Nasikia, nyanya."

Kwetu uchungu wa uzazi hautangazwi. Jicho baya likishajua, mtoto hukwama njiani. Mama Dama alikuwa mkunga, na chumvi ilikuwa fumbo la kumwitia. Nililiamini hilo jicho kuliko nilivyoamini jua. Nilitoka mbio, na kilio cha mama kikanifuata hadi barabarani.

Changamwe, jamani, matangi ni kama uyoga baada ya mvua. Yapo ya rangi ya fedha, yapo meupe, yapo yaliyochakaa hata hayana rangi ya kutajwa. Jekundu sikuliona. Nikapata moja lililoliwa na kutu, nikajilazimisha kuliona jekundu. Nyuma yake palikuwa na ukuta tu, na askari aliyenitimua kwa rungu. Nikarudi nilikotoka. Malori yalipita yakinguruma, vumbi likanijaa kinywani, na ndara yangu moja ikabaki kwenye tope la mafuta. Sikuirudia.

Mama mmoja muuza viazi karai aliniona nikipita mara ya pili, au ya tatu, sijui. "Mwanangu, mbona walia?" Nikafumba mdomo nikaenda zangu. Shuleni mwalimu alitufundisha kwamba kuuliza si ujinga, lakini mwalimu hakuwa nyanya. Niliogopa kwamba nikifungua kinywa, nitamwua mama. Halafu nikaogopa kwamba nisipokifungua, nitamwua vilevile. Sijapata tena kuwa katika dhiki kama ile, na nimezika watu tangu siku hiyo.

Nikarudi kwa yule mama, nikauegemea ukuta ulio kando ya karai lake, miguu imekwisha.

"Tangi jekundu ni lipi?"

Akaangua kicheko, maskini, angejuaje? "Si hilo uloliegemea, mwanangu!"

Nikainua macho. Ng'ambo ya ukuta lilisimama tangi, jeupe hadi juu. Lilikuwa limepakwa rangi mpya miaka mingi nyuma, lakini jina halipakwi rangi. Kila mtu wa Changamwe alilijua. Nani angekumbuka kumwambia mtoto mgeni?

Mama Dama hakungoja nimalize neno chumvi. Alikimbia na leso yake mkononi, mimi nyuma yake na ndara moja.

Mama alipona. Mtoto alikuwa wa kiume. Alitoka kabla hatujafika, kitovu kimemzunguka shingoni, na mikono ya nyanya haikujua kukifungua. Mama Dama alimfunika gubigubi kwa ile leso. Hakuna aliyenigombeza. Jioni nyanya aliniita uani.

"Hukuliona tangi?"

"Ni jeupe, nyanya."

Akakaa chini, hapo hapo mchangani.

Tangu hapo nyanya hakusema tena Tangi Jekundu. Akipanda gari alimwambia makanga amshushe tangi jeupe, makanga asimwelewe, abiria wakacheka. Majirani walisema uzee umemwingia kichwani. Nilipokua kidogo nami nilicheka, na kumsahihisha kwa ujuaji wangu: "Ni Tangi Jekundu, nyanya, kila mtu aita hivyo."

"Ni jeupe, Kadzo," alinijibu kila mara, akiniangalia usoni. "Ni jeupe."

Nilidhani ni ukaidi wa kizee. Alikwisha kufa nilipojifungua mwanangu wa kwanza, na siku ile, nikiwa bado na uchungu, ndipo nilipomwelewa. Nyanya hakuwa na maneno mengine ya kuniomba radhi.