Nilimwambia Noemi nimefika

Jamani, leo nimemliza mtoto aliyeko Hispania nikiwa hapa hapa sokoni Kibondo!

Mdogo wangu Eliza ameolewa huko. Binti yake, Noemi, anajua Kihispania tu, kwa hiyo mimi mama yake mkubwa nang'ang'ana kujifunza kwenye simu.

Leo wamepiga kwa video. Noemi akauliza nitafika lini kwao.

Swali nikalielewa! Kwa furaha nikajibu: "¡Llegué!"

Mtoto akatupa simu. Nikasikia anakimbia, mlango unafunguliwa.

Halafu kilio.

"Dada, umemwambia umefika!" Eliza akasema. "Anakutafuta kwenye ngazi. Sema llegaré, yaani nitafika."

Silabi moja tu, jamani!

Akamrudisha, kamasi zinamtiririka. Nikatamka polepole: "Llegaré."

Akajifuta, akaniuliza: "¿Cuándo?" Lini?

Hata pasipoti sina.

Tangu hapo kukaa siwezi, kusimama siwezi. Mteja kaomba maharage, nimempimia karanga.

Sasa nimefunga kibanda, naenda kuulizia pasipoti inapatikanaje.

Nyie mngemjibu nini?