Shamba Halinunuliwi Kutoka Barabarani

Shule niliiacha darasa la tano, Kiwangwa, na sijawahi kuijutia. Leo nina magari mawili ya mizigo na karakana ya kukaushia mananasi njia ya Makurunge, na wanunuzi wa Dar es Salaam wananipigia simu wao, siwapigii mimi. Hata nikijisifu sioni wa kunikataza. Nayasema haya ieleweke kwa nini binti yangu alipoitwa kwenye usaili wa kazi, mtu wa kumwandaa nilikuwa mimi.

Ana jina la mama yangu, kwa hiyo namwita mama. Mkataba wake wa kazi benki ulikuwa umekwisha, na miezi minane alikuwa nyumbani kwetu Bagamoyo akituma barua za maombi zisizojibiwa. Majirani walishaanza kumuuliza mama yake kama mtoto anaumwa. Ndipo mfuko mmoja wa uwekezaji wa Dar ukamwita. Usaili ulikuwa Alhamisi. Maandalizi tuliyaanza Jumapili asubuhi, barazani.

"Huo mfuko unafanya nini hasa?" nilimuuliza.

"Unanunua hisa kwenye kampuni zinazokua, Baba. Si kampuni changa ambayo haijulikani kama itasimama, wala si ile kubwa iliyokwisha kufika. Ni ile ya katikati, inauza tayari, inataka mtaji iongeze mwendo. Baadaye mfuko unaziuza hisa zake kwa faida."

Nilicheka. "Mama, hiyo si ndiyo kazi yangu? Mimi sinunui miche, wala sinunui nanasi la sokoni. Nanunua shamba lililokwisha kutoa maua, matunda nayavuna mimi. Waambie waje wanisaili mimi."

"Utawasumbua, Baba."

"Nitawaajiri."

Alinieleza kwamba wasaili wangempa habari za kampuni moja, kisha aseme kama mfuko uweke pesa au usiweke, na kwa nini. Majibu alikuwa ameyaandika kwenye daftari na kuyakariri. Nilimsikiliza kidogo nikamkatiza.

"Unasoma kama mtoto wa madrasa anayeogopa bakora. Funga hilo daftari. Kampuni ni yangu, wewe ndiye mfuko. Nihoji."

Nikaingia ndani, nikavaa koti la harusi. Mke wangu alikuwa mlangoni anachambua mchele. "Tajiri katoka," alisema, "koti juu, kandambili chini."

Nilimweleza binti yangu magari, karakana, wanunuzi. Niliongea vizuri, naijua biashara yangu. Aliniacha nimalize.

"Ahsante, mzee wangu. Mashamba ya kununua mnayachaguaje?"

"Kwa macho."

"Ya nani?"

"Yangu. Nani mwingine?"

"Ule mwezi mgongo ulipokulaza, nani alichagua?"

"Hakuna."

"Karakana ilikausha nini?"

Nikalinyoosha koti. Mke wangu akajibu bila kuinua kichwa: "Ilikausha khanga zangu. Zilikauka vizuri sana."

Binti yangu hakucheka. "Basi tukinunua hisa hapa tumenunua mgongo wako. Mfuko wetu hautaweka pesa."

Kuhoji namna ile alijifunza kwangu. Kwetu mkulima anayeuza shamba hupalilia vizuri mistari ya barabarani, kama mtu anavyofagia uwanja mgeni akija. Si wizi, ni kazi ya mnunuzi kuingia hadi katikati. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua shamba Miono nikiwa nimesimama barabarani, na katikati nikakuta majani matupu. Hadithi hiyo wanangu wameisikia mpaka wameichoka. Sasa yeye alikuwa ameingia katikati ya shamba langu.

Nilikasirika kweli, haikuwa maigizo. "Kampuni iliyokusomesha ndiyo unayoikataa?"

Akashusha macho. "Nisamehe, Baba. Labda tungeweka kidogo, kwa masharti."

Hapo nikaiona kasoro yake. Akili ilikuwepo, ila tulikuwa tumemlea vizuri mno. Mkubwa akikunja uso, mtoto wa kwetu anabadili neno lake hata kama ni la kweli. Na wasaili wangekuwa wakubwa watupu. Wangekunja uso mara moja tu, miezi minane ingekuwa tisa.

"Ulikuwa sahihi," nilimwambia. Neno hilo lilinipa shida kulitoa. "Sasa nikatae tena, nami nitapiga kelele. Shikamoo nipe, sauti shusha, lakini jibu usilishushe."

Tulifanya hivyo hadi Jumatano. Nilimwita asiye na shukrani, nilimwita msomi wa makaratasi. Jumatatu alilia. Jumanne alinijibu huku sauti inatetemeka. Jumatano nilipiga meza mpaka kikombe kikaanguka, naye akasema, "Nimekusikia, mzee wangu, na jibu langu ni lile lile." Mke wangu akaniuliza kama nimeridhika sasa kwamba nyumba ina wabishi wawili.

Alhamisi jioni alirudi na kutusimulia. Walimpa habari za kampuni ya maziwa ambayo mwenye kampuni peke yake ndiye anayejua wateja wote. Alikataa. Mzee mmoja wa pale akamuuliza mara tatu, kila mara kwa ukali zaidi, kama ana hakika. Mara zote tatu alisema anayo.

"Ulimwamkia?" nilimuuliza.

"Nilipoingia na nilipotoka."

Wiki iliyofuata walimpigia simu aanze kazi. Msikitini niliwaambia watu wote kwamba aliyemwandaa ni mimi, na ni kweli.

Baada ya hapo nikaanza kumchukua mke wangu hadi Miono, tunaingia naye katikati ya mashamba namwonyesha ninachotazama. Mwezi uliopita mgongo ukanilaza tena, akaenda peke yake, na karakana haikukosa mananasi hata siku moja. Hayakufikia ninayochagua mimi, na nilimwambia hivyo. Alinijibu nilale, khanga zake amezianika uani.