Sauti Mbili za Shangazi

Kituo tunachowaacha watoto wetu kiko nyuma ya duka la vioo: vyumba viwili, korido nyembamba na kiwanja kidogo cha saruji. Asubuhi mlangoni husimama mwanamke mnene mwenye kitambaa cha bluu kichwani, anapokea watoto mmoja mmoja. Watoto wanamwita Shangazi. Na sisi wazazi tukafuata hivyo hivyo, hata wale wenye umri wa kumzaa.

Mara ya kwanza nilipompeleka binti yangu nilidhani Shangazi anaumwa koo, maana alikuwa ananong'ona tu. Kumbe ndiyo kazi yake. Mtoto amejitupa chini analia, Shangazi anachuchumaa pembeni na kumwambia jambo kwa sauti ya chini, chini kabisa, mpaka inambidi yule mtoto akate kilio ili asikie anaambiwa nini. Akishakikata, basi, ameshasahau alikuwa analilia nini.

Nilimwuliza siku moja anawezaje. Akacheka bila sauti, mabega tu yakitikisika.

"Mama mtoto, ukitaka wanyamaze, anza kunyamaza wewe. Ukipiga kelele, na wao wanadhani ni mashindano."

Lakini mimi ninapakana naye chumba, kwa hiyo namjua na upande wa pili, ambao binti yangu haujui kwa kuwa hulala kwa bibi yake. Uani kwetu vyumba vinatazamana, bomba moja, kamba moja ya nguo. Huko hakuna Shangazi. Huko anaitwa Spika. Ukiacha bomba likimwaga maji, utasikia. Ukianika nguo zako mbichi juu ya zake zilizokauka, utasikia wewe na mtaa wa pili. Mumewe alifariki watoto wakiwa wadogo. Mkubwa ameshaolewa, mdogo bado yuko sekondari, na mshahara wa kituo ndio ada, ndio kodi, ndio kila kitu. Mimi nadhani mtu aliyelea peke yake huzoea kujibu kabla hajaulizwa.

Ila uani kwetu kuna desturi. Aliyemtukana mwenzake ndiye anayefagia uwanja kesho yake, na aliyetukanwa ndiye anayemshikia kizoleo. Sijui nani aliianzisha, tuliikuta. Ukishashika kizoleo, umesamehe, na ukirudia maneno yale tena ni wewe mwenye makosa. Spika amefagia ule uwanja kuliko sisi wengine wote tukijumlishwa.

Basi Jumapili moja fundi pikipiki, kijana wa chumba cha mwisho, aliosha injini yake karibu na kamba. Alipuliza kwa pampu, mafuta machafu yakarukia mashati meupe ya shule ya binti wa Spika, yule wa sekondari. Spika alitoka na sabuni bado mkononi.

Fundi naye ana tabia moja. Akifokewa hajibu. Anaingia ndani, anajifungia, anaongeza sauti ya redio. Spika aligonga mlango mpaka kiganja kikamwuma, redio ikazidi kupanda. Ndipo akachukua simu akasema, "Hutaki kusikia kwa mlango? Utasikia kwa simu!" Akamrekodia ujumbe wa sauti wa kutuma kwenye kundi letu la wapangaji.

"Wewe kichwa grisi! Mama yako alikuzaa, au ulidondoka kwenye pikipiki ikiwa mwendoni? Toka nje! Nitakukamua kama dekio nikuanike kwa masikio kwenye kamba hii hii!" Na mengine siyaandiki, nina mtoto anayekaribia kujifunza kusoma.

Alipomaliza akatuma, akavuta pumzi. Halafu mlango wa fundi ukafunguka upana wa kiganja, akachungulia na simu yake mkononi.

"Spika, nimekusikia unarekodi. Mbona huku haijaingia? Umeituma wapi?"

Kundi la wapangaji kwenye simu lina picha ya ndoo. Kundi la wazazi wa kituo lina picha ya mtoto ndani ya beseni. Na Spika miwani alikuwa ameiacha ndani.

Alitazama simu, akaketi juu ya kizingiti changu. "Mama yangu," akasema, na alilisema kwa ile sauti ya kituoni.

Simu yangu ilikuwa inalia mfululizo. "Huyu ndiye anayewaogesha wanetu?" "Nitakukamua kama dekio, Mungu wangu!" "Mwenye kituo uko wapi, tujibu." Mwingine alituma vikaragosi vya kucheka, akavifuta haraka. Jioni nilikuwa kwa bibi yake, binti yangu mapajani, akaisikia ile sauti ikichezwa. Akaniangalia akauliza, "Mama, nani huyo?"

Jumatatu alfajiri Spika alifagia uwanja. Fundi alitoka na taulo begani, akachuchumaa, akamshikia kizoleo. Wakasalimiana. Kwetu yakaisha. Halafu Spika akafunga kitambaa chake cha bluu akaenda kazini, na mwenye kituo akamzuia getini. "Pumzika kwanza," alimwambia. Kila aliyewahi kuajiriwa anajua kupumzika kwa namna hiyo ni kupumzika gani.

Wiki ile kituo kilishikwa na msichana mgeni, mzuri tu, mwenye bidii. Alikuwa akiita "Nyamazeni!" tangu asubuhi, na watoto wakimjibu kwa kadiri ya pumzi zao. Nyumbani Spika alishinda ndani. Bomba lilivuja na hakuna aliyesemwa. Hata fundi akaniambia, "Shemeji, kimya hiki kinanitisha kuliko matusi."

Jumamosi tuliitwa kikao. Tulikaa kwenye viti vya watoto, magoti karibu na videvu. Mwenye kituo ni muuguzi mstaafu, mama mtaratibu, hajawahi kumkosea mtu heshima. Shangazi aliambiwa asubiri nje kwenye kiwanja.

Muuza vitambaa, mama wa mapacha, alianza. "Mdomo ni ule ule. Hauvuliwi getini kama viatu. Leo ni fundi, kesho ni mwanangu amemwaga uji."

Mlinzi wa benki, baba mmoja mpole, akasema, "Dada yangu, mimi lindoni sisinzii. Nyumbani nasinzia hata nikila. Bosi wangu akija kunikuta mezani kwangu nimelala, anifukuze?"

"Usingizi wako hautukani mtu!"

Watu wakacheka, hata mlinzi mwenyewe.

Mimi si msemaji. Kwenye karakana ya sare ninakoshona huwa naongea na sindano tu. Lakini nilijikuta nimesimama, nikasema kwamba binti yangu yuko na Shangazi kutwa, na alipoisikia ile sauti aliuliza ni nani. Hakuijua. Hajawahi kuisikia. Nikakaa.

Mwenye kituo alikunja mikono. "Nimekusikia, binti yangu. Lakini mimi hapa siuzi uji wala vitanda. Nauza imani. Mzazi akiondoka na hofu, nimefilisika hata kama kuta zimesimama."

Hapo fundi akaingia. Hakuitwa, si mzazi, na alikuwa amevaa shati safi lakini kucha nyeusi vile vile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye kichwa grisi."

Kikao kizima kikainama. Muuza vitambaa alijifunika mdomo na mtandio.

"Mama," fundi akaendelea, "aliyetukanwa ni mimi. Na kosa nililianza mimi, nilichafua mashati ya mtoto wake. Kwetu aliyetukana hufagia, aliyetukanwa hushika kizoleo, basi. Alifagia, nikashika. Mimi nimeshasamehe. Sasa nyinyi mnaodai, mnanidaia nini?"

Mwenye kituo alikunjua mikono. Alimwita Shangazi ndani, akamwambia mbele yetu wote, "Nitakurudisha kwa sharti moja. Hii tabia ya kufoka uiache. Hapa, na hata nyumbani."

"Hata nyumbani, mama?"

"Hata nyumbani. Ukiwa mlezi, ni mlezi kutwa na kucha."

Mimi nilimwangalia nikimwombea moyoni: sema ndiyo, sema tu ndiyo, ada ya mtoto hiyo. Shangazi aliviringisha pindo la kitambaa chake kidoleni.

"Nikikukubalia nitakuwa nakudanganya, mama. Nitakaza wiki moja, ya pili nitamfokea mtu. Kule nyumbani wapo wa kunihukumu, umemwona mmoja. Kile nilichowatumia wazazi ni kosa, nawaomba radhi, walisikia wasichostahili kusikia. Na hapa, siku nikimpandishia mtoto sauti, usiite hata kikao. Nifukuze mlangoni. Lakini ile ya nyumbani ni yangu."

Alisema yote hayo kwa sauti ya chini, na sote tulikuwa tumeinama mbele kwenye vile viti vidogo ili tusikie. Sidhani alikusudia. Nadhani mwenye kituo aliliona, kwa sababu alitutazama sote vile tulivyoinama, akashusha pumzi.

"Jumatatu uje," akasema. "Ila kundi la wazazi utoke leo hii hii. Nipe hiyo simu, nikutoe mwenyewe."

Muuza vitambaa aliinuka, akachukua vikoba vya mapacha wake ukutani, akaaga kwa adabu. Hajarudi. Simlaumu, mtoto ni wake na usingizi wa usiku ni wake. Shangazi alimfungulia geti akawabusu vichwani mapacha, waliokuwa wakicheza kiwanjani, na nilimwona akijipangusa macho kwa nyuma ya kiganja kabla hajageuka.

Amerudi kazini sasa. Mwenye kituo naye ameweka kiti koridoni, nje ya chumba cha kulala watoto. Anasema ni kwa ajili ya upepo, lakini koridoni mle hata karatasi haitikisiki. Anashona vifungo vya magauni madogo, sikio moja likiwa ndani. Nilimwuliza Shangazi kama haimuumi kulindwa namna hiyo, mtu mzima kama yeye.

"Mwache asikilize," akaninong'oneza, huku akimpokea binti yangu mikononi. "Juzi niliwalaza watoto, nikatoka nikamkuta na yeye amelala."