Shikamoo ya Kila Asubuhi

Laurian hakujaliwa sauti ya kuimba, lakini kwa miaka ishirini na miwili yeye, akiwa katekista, ndiye aliyeanzisha nyimbo kwenye kigango, kanisa dogo la kijiji chao, ndani kidogo kutoka Mkiwa. Mkewe, Martina, ndiye pekee aliyethubutu kumwambia kwamba anapotosha nyimbo, na alimwambia kila Jumapili. Laurian alicheka, akaendelea kupotosha. Siku za kazi alilima alizeti na kufuata mizinga yake ya nyuki porini. Hakuwa mtu wa kuandikwa popote.

Mvua zilipokatika mwaka wa pili mfululizo, Mzee Hezekia, mkubwa wa wazee wa kijiji, aliwaita lambalamba, wale waganga wanaozunguka vijijini kuwasaka wachawi. Walifukua pembe na vibuyu kwenye nyumba za watu, vitu ambavyo Martina aliapa kwamba waliingia navyo wenyewe mikobani. Kisha kila mtu akaambiwa apange mstari achanjwe chale za kinga. Watu wakapanga, hata wale ambao Laurian ndiye aliyewafundisha Baba Yetu. Yeye na mkewe hawakwenda.

Hezekia, ambaye kwa kweli hakuwa mtu mbaya, alimfuata nyumbani. Alimsihi apokee chale moja tu, kisiginoni, mahali ambapo hata paroko hataiona.

"Mimi nitaiona, mzee," Laurian alimjibu.

Basi wakatengwa. Kutengwa kwa huku si mchezo: hupewi moto, huazimwi jembe, husalimiwi, na ukifa kijiji hakikuziki. Martina alikonda kwa upweke. Laurian kila asubuhi alisimama njiani akamwamkia Hezekia, "Shikamoo, mzee," na Hezekia akapita kimya. Kuiacha shikamoo ya mtu hewani ni aibu kuliko kumtukana, na wote wawili walilijua hilo. Watu walisema sikio la kufa halisikii dawa.

Baadaye lambalamba wakadai kwamba uchawi unaofunga mvua umefukiwa chini ya altare ya kigango. Jumanne moja, mchana kweupe, vijana wakaja na majembe kufukua. Laurian alisimama mlangoni. Martina alimvuta shati, akamwambia hayo ni matofali tu, yatajengwa tena.

"Nimewafundisha miaka yote hii kwamba humu ndani kuna Mungu," Laurian alisema. "Nikiwapisha, basi nilikuwa nawadanganya."

Alipigwa rungu moja la kichwa. Vijana walipoiona damu waliingiwa na hofu, wakatimka bila kuvuka kizingiti. Alifariki siku ya tatu hospitalini Manyoni, na jina la aliyempiga alilitaja mara moja tu, katika sala. Martina alilitaja polisi. Kijiji kizima kikasema hakikuona kitu.

Mwili uliporudi nyumbani, Hezekia alituma ujumbe: Martina akubali kuchanjwa, na kila mwanamume atashika jembe. Tusimsingizie utakatifu; alitamani kukubali. Alikaa kando ya jeneza akamkasirikia marehemu kwa ukaidi wake mpaka machozi yakamwishia. Kisha akachukua mtaimbo. Kwa huku mwanamke hachimbi kaburi, lakini Martina na binti yake Faith walichimba tangu asubuhi hadi jua kuzama, pamoja na paroko aliyevua kanzu yake, maana ardhi ilikuwa imekauka kama tofali la kuchoma.

Lambalamba waliondoka na mbuzi wa watu. Mvua hazikuja. Hakuna aliyetangaza kwamba adhabu imekwisha, kwa sababu kutangaza kungekuwa kukiri.

Miezi saba baadaye akafariki mama yake Hezekia, bibi aliyekula chumvi nyingi. Mjumbe wa msiba alipita nyumba kwa nyumba kukusanya zana za kuchimbia, na nyumba ya Martina akairuka. Martina aliutia mtaimbo begani, akaenda makaburini bila kuitwa.

Wanaume waliacha kuchimba. Mmoja wao ndiye aliyeshika rungu siku ile, na Martina alimwona akiinamisha uso. Hakusimama kwake. Alikwenda hadi mbele ya Hezekia, akakunja goti kidogo kama ilivyo desturi.

"Shikamoo, mzee."

Hezekia aliutazama ule mtaimbo.

"Marahaba," alisema. Kisha akairudia, tena na tena, akijibu asubuhi zote zile alizopita bila neno. Hakuna aliyemkatiza.

Alipomaliza, Martina aliulaza mtaimbo ukingoni mwa kaburi, akaenda kukaa na wanawake wenzake.