Msafara wa Jino la Olataga

Olataga Seumalo alikuwa na jino la mbele lililooza, nalo lilikuwa siri iliyojulikana na mtaa mzima wa Ōtara. Alicheka kwa kufunika mdomo, akasalimu kwa nyusi, na kanisani aliimba kama mtu anayemnong'oneza Mungu umbea. Kwao jino halikutibiwa, lilisubiriwa. Likizidi kuuma, linang'olewa, yamekwisha. Na daktari wa meno, kwa maelezo ya vijana wenzake, ni mtu anayekusomea mashtaka ya soda huku umeachama, huwezi hata kujitetea.

Mwaka huo shule ikamchagua acheze dansi ya mwisho kwenye tamasha, ile ya binti wa chifu. Dansi hiyo haichezwi kwa mdomo uliofumbwa. Asiyetabasamu huwaaibisha waliomzaa, waliomfundisha, hata waliompaka mafuta ya nazi.

Bibi yake, Faʻamoe, alishauri jino la dhahabu. La kwake lilimeta kila aliposema amina, na alidai huonekana hadi viti vya nyuma. Olataga alitaka jino lake mwenyewe, jeupe. Tena matibabu ni bure mpaka utimize miaka kumi na minane, naye alikuwa ukingoni. Akaamua kwenda.

Sasa, binti wa dansi ile haachwi atembee peke yake kama mbuzi. Kikundi kizima kikamsindikiza kliniki: wavulana mbele wamefunga lavalava zao kiunoni, wasichana nyuma, Bibi katikati na kikapu cha mikate ya nazi. Wakajaza viti vyote, wakaanza kuimba. Mama wa mapokezi alipoona umati ule akadhani wote ni wagonjwa, akawaandikisha wote. Na kijana gani angemkatalia mtu mzima mbele ya Bibi Faʻamoe?

Wa kwanza kuitwa alikuwa Tanielu, mpiga ngoma mwenye mwili wa kabati, ambaye muhula mzima alikuwa akilitania jino la Olataga. Akanywea, akamgeukia Olataga.

"Dada, mimi nimesindikiza tu."

"Nenda, kaka. Ukilia nitakushika mkono. Halafu nitasimulia."

Wakaingia mmoja mmoja, wakatoka mashavu yamekufa ganzi, wakaendelea kuimba kwa upande mmoja wa mdomo. Ikadhihirika kwamba nusu ya kikundi ilikuwa inaficha kitu. Olataga aliingia mwisho. Daktari hakumsomea mashtaka yoyote. Alilikwangua jino, akalijenga upya, akauliza ni nani huko nje mwenye sauti nzito ile.

Siku ya tamasha Olataga alijitokeza na kilemba chake kirefu. Ngoma ya Tanielu ikamwita. Akaachia tabasamu, lote, bila kiganja, na nyuma yake kikundi kizima kikatoa meno kama wanayauza.

Bibi alinung'unika kwamba dhahabu ingependeza zaidi. Kisha akampiga kiwiko jirani yake, mtu asiyemjua kabisa.

"Yule mwenye meno," akasema, "wangu yule."