Mzigo Ulioegemezwa Mtini

Nyamizi binti Kalunde, muuza asali wa Cheyo, alikuwa akitunga hadithi tangu alipomaliza darasa la saba na kuambiwa kwamba elimu hiyo inamtosha. Aliziandika katika madaftari, na madaftari akayafungia sandukuni. Mwaka huu yalitangazwa mashindano mtandaoni: kila juma huwekwa picha moja, na mshiriki huitungia hadithi isiyozidi maneno mia moja. Hadithi kumi na mbili bora zingetiwa kitabuni. Nyamizi alitamani kuliona jina lake limepigwa chapa, walau mara moja kabla hajaingia kaburini.

Picha ya juma la mwisho ilikuwa ya kale: robota la kitambaa limefungwa katikati ya fito mbili ndefu, limeegemezwa kwenye shina la mti kando ya njia ya misafara, wala mtu hayupo. Washiriki karibu wote walimwua mpagazi aliyeubeba mzigo huo. Huyu alimtia ndui, yule akamtupia simba. Nyamizi aliandika kwamba mpagazi amekwenda kunywa maji, naye anarudi.

Jumamosi asubuhi alikuwa Mtendeni, dukani kwa rafiki yake Urmi, muuza vitambaa, simu ilipolia. Mratibu wa mashindano alimwandikia kutoka Dar es Salaam kwamba hadithi imewapendeza waamuzi, ila haiafikiani na picha, kwa kuwa mzigo ule umetelekezwa. Akibadili mwisho kabla ya saa sita mchana, ataingia katika wale kumi na wawili.

"Mwue basi," Urmi alisema, akiendelea kupima kitenge. "Mtu mwenyewe hata haonekani. Nani atamlilia?"

"Shoga, umeuza vitambaa miaka thelathini. Robota likitupwa hukaaje?"

"Hulala chini."

"Hili limelala?"

Urmi aliacha kupima, akaivuta simu aitazame picha.

"Babu yake baba yangu alikuwa mpagazi, alikwenda pwani na kurudi mara saba," Nyamizi alisema. "Fito zile ni za kuusimamisha mzigo, ili mwenyewe autie begani bila kuinama. Anayetoroka hana haja ya kuegemeza. Anayeanguka hapati nafasi."

"Waamuzi hawayajui hayo."

"Ndiyo maana nimewaandikia hadithi hiyo."

"Na kitabu?"

Nyamizi aliichukua simu yake. Kisha akaandika, herufi baada ya herufi: *Mpagazi wangu yu hai. Hadithi ibaki ilivyo, au itoke.*

Saa sita na nusu orodha ilitolewa. Jina lake halikuwamo.

Nyamizi aliizima simu. Halafu akamwomba Urmi jora la kitambaa cha marekani na fito mbili za kuangikia vitambaa. Akafunga robota kama alivyofundishwa na baba yake, akaliegemeza kwenye nguzo ya baraza ya duka. Juu yake akabana kwa pini karatasi ya daftari yenye maneno yake mia moja, kwa mwandiko ulionyooka, na jina lake chini. Akajitwika ndoo yake ya asali, akaenda sokoni.

Wapita njia walisimama wakasoma. Mzee mmoja akachungulia dukani, akauliza kama mzigo ule umesahauliwa, maana wezi hawakosekani.

"Uache hapo hapo, baba," alijibu Urmi bila kuinua macho. "Mwenyewe anarudi."